Taa ya Matumbawe Uliyoiacha Ikoma

Mwita, mdogo wangu,

Tulikuzika Jumamosi, nyumbani, pembeni mwa shamba la kahawa. Watu walikuwa wengi. Meneja wa hoteli alikuja kutoka Ikoma na shada kubwa, akashika kipaza sauti, akasema umekufa kama askari, ukiwa kazini. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nimeandika habari za vifo kwa miaka mingi, na sentensi inayofunika jambo naijua nikiisikia.

Hukufa kama askari. Ulikufa kwa kidole tumbo kilichopasuka, baada ya kumeza dawa za maumivu za dukani karibu wiki nzima, kwa sababu hukutaka kuondoka kwenye tangi la samaki ulilolitunza pale hotelini.

Nilikupigia simu kutoka Nkende, Tarime, nikakuambia panda gari uje. Ukanijibu: "Dada, wiki hii napandisha taa. Ikitulia nakuja." Nikakuuliza ni taa gani inayomzuia mtu kwenda hospitali. Ukaanza kunieleza, na sauti yako ikachangamka kana kwamba tumbo limepona. Matumbawe mapya yametoka safarini, gizani, ndani ya mifuko. Ukiyawashia taa kwa nguvu zote siku ya kwanza yanaungua, yanabaki meupe kama mifupa. Kwa hiyo unaanza na mwanga hafifu kwa saa chache, unaongeza kidogo kila wiki, tena huongezi ukali na muda kwa pamoja, maana yakiugua hutajua kipi kimeyaumiza. Nilikusikiliza. Ulieleza vizuri. Hilo ndilo linalonikasirisha zaidi.

Ulikuwa na subira ya wiki na wiki kwa viumbe ambavyo havina hata jina kwa Kikurya, ukakosa subira ya kukaa asubuhi moja kwenye benchi la hospitali.

Na wenzako wa hotelini walipokuleta hospitali Tarime, umekunja magoti kwenye kiti cha nyuma, Mama alikuwa kando yako. Hukumwambia neno. Ulinipa mimi simu yako, ile inayoongoza taa, ukasema: "Usiwaache wapandishe." Basi. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho niliyobaki nayo. Taa!

Siku chache baada ya mazishi meneja akapiga simu. Wageni walikuwa wamekuja, naye alikuwa ameamuru taa ipandishwe hadi mwisho, kwa kitufe cha pale pale kwenye tangi, iwake tangu alfajiri hadi watu wanapokwenda kulala. Sasa mambo yamemharibikia. Nikaenda Ikoma. Kioo kilikuwa na utando wa kijani, na matumbawe ya juu yalikuwa yamejikunja, ncha zimeanza kuwa nyeupe. Nikamuuliza nani alimshauri.

"Hakuna, dada yangu. Nilidhani mwanga ndio chakula chao, nikayaongezea."

Akasema alikuwa akikutania kila siku, kwa lile neno letu la "kijana" ambalo watu wa mikoa mingine hupenda kutuitia Wakurya: "Mura, wageni hawaji kutazama giza!" Nawe unacheka tu, unakataa. Nilikuwa nimekwenda kumgombeza, na nikamgombeza. Lakini alikosea kwa kutojua, na hakujua kwa sababu hukumfundisha mtu yeyote. Kazi yote uliishika peke yako, kana kwamba hoteli nzima haina mikono mingine.

Nikashusha ukali, nikapunguza na saa. Kushusha nilishusha vyote mara moja; kupandisha ndiko kunakotaka hatua. Ya chini yamefunguka tena. Ya juu sijui.

Niliporudi nilimsimulia Mama. Akaniuliza: mwanga ukibaki mdogo, yanakufa? Nikamwambia hapana, yanakaa tu, yanachelewa kukua. Kisha akasema: "Nilipokwenda kumzaa yeye, miche yangu ya kahawa ilikuwa kitaluni, ndiyo kwanza naipunguzia kivuli. Nikairudishia nyasi zote za kivuli, nikaenda. Niliporudi nikaikuta hai." Akaingia ndani.

Kwa hiyo ungeweza kuiacha taa pale ilipokuwa. Ungeiacha chini, ukapanda gari, ukapasuliwa, ukalala wodini ukilalamika kuhusu uji, ukarudi. Hakuna kitu kingekufa. Ulilijua hilo kuliko sisi wote, Mwita, ukabaki. Sina wa kumuuliza kwa nini, na kazi yangu yote maishani ni kuuliza kwa nini.

Sitakuambia upumzike kwa amani; sijafika huko. Ninachoweza kukuahidi ni hiki: nitakwenda Ikoma kila wiki, meneja na mwenzake mmoja wakisimama kando yangu wakijifunza, mpaka taa ifike pale ulipotaka, kwa hatua zako, bila haraka. Wakishaweza wenyewe, simu nitawaachia.

Kwaheri, mdogo wangu. Nakuaga nikiwa na hasira, kwa sababu ndiyo niliyonayo leo, na sijawahi kukudanganya.

Dada yako,
Robi