Gari Lililofunguliwa Pua

Buseresere,
12 Januari 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na ng'ombe, pamoja na yule jogoo mkorofi aliyenidonoa Krismasi. Sisi huku hatujambo. Dada Paskazia na mumewe Thobias wanakusalimu. Mjukuu wako Davis ameanza kutembea, na sasa hakuna kitu dukani kilicho salama. Nakuandikia kwa sababu simu na masikio yako havipatani tena. Juzi nilipiga kelele kwenye simu mpaka wateja wakadhani tunagombana.

Baba, gari linavuta! Tangu tulipotoka huko sikukuu ni kama si lile pikapu letu. Thobias alilipakia pampu na mipira ya maji ya wachimbaji hadi ukingoni, na kile kilima cha kwenda machimboni likakipanda bila kulia. Thobias akawa anacheka peke yake kwenye usukani. Nilipomuuliza vipi, akasema, "Gari limekula sikukuu, shemeji."

Nimelifunga bampa la chuma mbele na taa mbili kubwa, na nyuma nimeongeza jani moja la springi. Kabla ya hapo niliwapigia wale waliotuuzia, kule Mwanza, maana gari bado lina waranti na sikutaka kujiharibia. Wakanieleza vizuri. Bampa na taa havina neno, ila vikiharibika vyenyewe wao hawahusiki. Springi niliyoongeza ikivunja kitu huko nyuma, hicho hawatakitengeneza. Lakini injini na mengine yote waranti yake iko palepale. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, ng'ombe uliowauza ili tulipate hawakwenda bure.

Mwanao,
Mayala


Songwa, Kishapu,
24 Januari 2025

Mwanangu Mayala,

Marahaba, marahaba sana. Hapa ni mhola, amani tu. Mvua imekuja kidogo, pamba imechipua, na jogoo anakuulizia.

Barua yako nimeirudia kuisoma mpaka jirani yangu Valerian akaniuliza kama nimeandikiwa na askofu. Nikamsomea pale ulipoandika kwamba gari linavuta. Nikamsomea tena.

Wewe hukuniona nikiwa dereva wa ushirika. Tulikuwa tunabeba magunia ya pamba hadi ginari ya kuichambua, lori limejaa mpaka unaona aibu kulikanyagia mafuta. Magari yale yalikuja kutoka kiwandani yamezibwa pua. Wazungu waliyatengeneza kwa barabara zao. Sisi madereva tuliyafungua wenyewe ili yapumue, na hakuna kilima cha Shinyanga kilichotushinda. Basi usishangae sana gari lako kupata nguvu. Kuna watu wanajua kazi yao na hawatangazi. Siku moja nitakwambia, ukishanyoa hizo nywele zako.

Hayo ya waranti sikuyafuata vizuri. Sisi waranti yetu ilikuwa spana na kamba ya katani.

Msalimie Thobias. Mwambie baba mkwe wake anasema ana mkono mtulivu. Yeye ataelewa.

Mimi baba yako


Buseresere,
9 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Habari za huko? Za huku ni mbaya, na sitazunguka.

Gari limekufa. Kwanza lilianza kunywa oili, halafu likawa linatoa moshi wa bluu, na wiki iliyopita likamzimikia Thobias kwenye njia ya Ushirombo na mzigo wa watu mgongoni. Tumelipandisha kwenye lori hadi Mwanza. Mimi nilikwenda kifua mbele, Baba. Nilijua waranti ipo, watafungua, watabadilisha, nitarudi nalo.

Wakafungua mbele yangu. Ndani ya injini kuna vumbi, vumbi letu hili jekundu, limesaga ringi na kuta za silinda. Nikawaambia hiyo ni injini mbovu ya kiwandani. Nikawaambia pia, kwa sauti, kwamba wanataka kunifanya mshamba kwa sababu natoka machimboni. Fundi hakubishana. Alichomoa boksi la eaklina, lile linalobeba chujio la hewa, akaligeuza, akanionyesha. Limetobolewa matundu kwa drili. Safi, yamepangwa kwa mstari, tena upande ambao hewa imeshachujwa. Kila vumbi la Geita lilikuwa linaingia moja kwa moja ndani ya injini.

Akaniambia, bampa lako sijaligusa, taa zako sijazigusa, springi yako sijaihesabu, hivyo havikuua injini. Giaboksi na mengine bado tunayasimamia. Lakini injini imeuawa na matundu haya, na matundu hatukuyatoboa sisi. Watu kwenye foleni walikuwa wananiangalia. Nilikuwa nimeshaapa kwa kaburi la mama kwamba hakuna mkono uliogusa injini ile.

Sasa nani mwingine, Baba? Ufunguo anao Thobias. Ndiye aliyekuwa anacheka na nguvu za gari. Nilimuuliza dukani, akainamisha kichwa. Nikamuuliza tena, akasema, "Shemeji, kama unasema ni mimi, basi ni mimi." Nikamnyang'anya ufunguo mbele ya wateja. Nilimwita mharibifu, na maneno mengine ambayo sitayaandika kwako. Paskazia amelia, ameniambia simjui mume wake. Labda kweli simjui.

Mwanao,
Mayala


Songwa,
30 Machi 2025

Mayala,

Barua yako imefika siku nyingi. Nilikuwa na kikohozi.

Pamba inaendelea. Mbuzi mmoja ameliwa na fisi. Paskazia amefika hapa na Davis na begi moja. Mumewe amekwenda kuchimba, amesema hawezi kuishi mtaa mmoja na mtu aliyemwita vile. Paskazia hapa anapika, anafua, anaimba kidogo akidhani sisikii. Mimi nashinda shambani.

Nimefikiri juu ya yale matundu. Lori letu la ushirika tulilitoboa, likatembea miaka mingi. Labda fundi wa Mwanza amekosea. Labda ni oili mbaya mliyotia. Watu wa kampuni wanatafuta sababu. Umemuuliza vizuri?

Usimhukumu Thobias haraka. Ni kijana mwenye adabu. Hili jambo tuliache lipoe.

Baba yako


Buseresere,
5 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Katika barua yako hukuniitikia shikamoo, ni mara ya kwanza katika maisha yangu. Nikasema labda ni kikohozi. Pole.

Siwezi kuacha lipoe. Nimemuuliza fundi kama ulivyotaka. Anasema malori ya zamani vyujio vyake vilikuwa vya aina nyingine, na hata hayo yaliyotobolewa yalikula ringi, ila ushirika ulikuwa na injini nyingine stoo na nyinyi madereva hamkuambiwa. Nasikitika kukuandikia hivi, lakini wewe ndiye uliyeniuliza.

Hapa mtaani wananicheka. Wateja wangu wamehamia kwa mtu mwenye guta la matairi matatu. Na Thobias yuko shimoni huko machimboni, watu wamempa jina la Drili. Hajaja kuniomba radhi, wala hajakataa kwamba alifanya. Mtu anayenyamaza hivyo ana nini moyoni?

Nimeongea na wazee wa upande wake, wamekubali. Jumatatu ya Pasaka tukae kikao hapo kwako. Thobias aje, aseme mbele ya wote alichofanya na apige magoti. Wewe ndiye mkwe wake, uamuzi utautoa wewe. Ukimsamehe wewe, na mimi nitamsamehe, na Paskazia arudi kwake.

Mwanao,
Mayala


Buseresere,
4 Mei 2025

Baba yangu,

Shikamoo.

Nimekuwa nikiianza barua hii na kuichana. Siku ile ya kikao niliondoka bila kuaga, nikatembea hadi barabarani, nikapanda basi la kwanza lililosimama, likanipeleka upande ambao sikuwa naenda. Sikukukasirikia. Nilikuwa siwezi kukutazama, na nilijua na wewe huwezi kunitazama.

Mimi ndiye niliyesimama kwanza. Nilisema sana, Baba. Nilisema kwamba Thobias ametula, kwamba tulimpa dada na kazi na yeye akatupa vumbi. Wazee wake wanaangalia chini. Paskazia amesimama mlangoni na mtoto. Nikageuka nikasema, sasa Baba atoe uamuzi. Ukainuka, ukaingia ndani, ukarudi na ile drili yako ya mkono, ukaiweka chini mbele ya miguu ya Thobias. Ukasema, "Ni mimi. Nilitaka gari la mwanangu lipumue." Halafu ukaanza kukunja magoti.

Sijawahi kuona mtu akikimbia kuombwa msamaha. Thobias alitoka mbio kama amemwagiwa maji ya moto. Mzee wake mmoja akasema polepole, "Mkwe hapigi magoti kwa mkwe," na kikao kikaishia hapo. Wewe ulibaki umeinama nusu, umeshika goti. Nilipaswa kuja kukuinua. Aliyekuinua ni Valerian.

Nimemfuata Thobias machimboni. Nilimkuta ametoka shimoni, mwekundu mwili mzima. Sikujua nianzeje, nikamwuliza tu kwa nini alinyamaza. Akasema, "Boksi nililishika mimi. Baba aliniambia nilishike lisicheze, nikalishika. Alifurahi sana Krismasi ile, alikuwa anaimba. Ulitaka nikutajie mkwe wangu, mbele ya wateja?" Nikampa ufunguo. Hakuupokea. Akasema labda baadaye.

Sijamaliza. Nilirudi Mwanza kuwaomba radhi wale wa gereji, maana niliwatukana bure. Yule fundi akaniuliza, basi nani alitoboa? Hakuuliza kwa ubaya, alitaka tu kujua. Watu walikuwepo. Nikafungua mdomo, nikasema, fundi mmoja wa mtaani, simjui jina.

Simjui jina, Baba. Thobias alikaa kimya kukulinda, akapoteza kazi na nyumba. Mimi nilikukana ili watu wa foleni wasinione mtoto wa mshamba. Natembea na aibu hiyo, na sioni pa kuitua.

Injini nimepata ya mtumba, itafungwa. Bampa nimelitoa. Halikuwa na kosa, ila sitaki kuliona.

Nisamehe.

Mwanao,
Mayala


Songwa,
1 Juni 2025

Mwanangu Mayala,

Salamu yako nimeiona. Ngoja kwanza nikueleze ya jana.

Thobias alikuja kumchukua mkewe. Hakuingia. Alisimama nje ya ua wa minyaa kama mkwe anavyopaswa kusimama, kofia mkononi, amenyoa, amevaa lile shati la harusi. Mimi nilikuwa kwenye kigoda natengeneza mpini. Akasema, "Shikamoo, Baba."

Haikutoka. Nilifungua mdomo, haikutoka. Nilijiuliza mtu kama mimi anaamkiwaje na mtu kama yule, na anajibu nini. Nilipokuandikia Machi nilijua yote. Nilikuwa nakula ugali wa mwanangu wa kike, mume wake yuko shimoni kwa ajili yangu, na nikakuandikia habari za fisi. Hata siku ya kikao nilikuwa nimepanga kusema tumsamehe tu kijana, yaishe. Nilimwona Davis anaichezea drili chumbani, ndipo nikashindwa.

Paskazia alikuwa ameshatoka na begi, amesimama kati yetu. Thobias hawezi kuingia mpaka nimwitikie, na hawezi kuondoka na mke kabla ya salamu kupokelewa. Davis akaanza kulia kwa jua. Yule kijana akafikiri ni masikio yangu. Akasogea hadi kwenye minyaa kabisa, akaamkia upya kwa sauti kubwa, taratibu, kama unavyoongea na mzee kiziwi, ili nisione haya.

Mayala, ile ya kwanza nilikuwa nimeisikia.

Nikaitikia. Nikamwita mwanangu, sikuwahi kumwita hivyo. Akaingia, akanywa maji, akabeba mtoto, wakaenda zao. Mlangoni aliniuliza kama nina salamu za kupeleka Buseresere. Nikamwambia hizi nitaziandika mwenyewe.

Na wewe usinione haya. Hilo la gereji umelirithi kwangu, tutalibeba wote. Ukienda tena Mwanza, wakikuuliza, nitaje. Sema ni baba yangu, alikuwa dereva wa pamba.

Marahaba, mwanangu.

Mimi baba yako