Mjomba, Perege Wameliogopa Dimbwi

Mjomba, shikamoo.

Ni mimi Zuhura, mtoto wa dada yako, yule uliyemfundisha kuvua wakati watu wa nyumbani wakiuliza mtoto wa kike anatafuta nini mtoni. Leo nimefunga cherehani mapema. Nimejifungia chumbani kwangu hapa mjini Mafiga nikuandikie jambo nililoshindwa kulisema mbele ya kaburi lako. Nimeliharibu dimbwi lako.

Baada ya arobaini yako nilishuka peke yangu mpaka mtoni, chini ya migomba ya kijijini kwako Mkuyuni. Asubuhi ile maji yalikuwa maangavu. Viota vya perege vilionekana chini, vya mviringo kama sahani, na kila kimoja na dume lake likizunguka na kufukuza wenzake. Nililia, Mjomba. Kisha nikatoa simu nikapiga video. Nikasema, "Hapa ndipo alipokuwa akikaa mjomba wangu, samaki walimzoea." Nikaelekeza na njia, ili ndugu zetu walioko Dar wapajue. Nikairusha mtandaoni.

Nilitaka ukumbukwe tu.

Jumamosi iliyofuata walikuja vijana watano kutoka mjini. Ile ya pili bodaboda zilijipanga mpaka ndani ya migomba. Walikuja na fito, ndoano, majiko ya mkaa, na spika kubwa iliyokuwa inatikisa hata majani. Mwanzoni nilifurahi, haki ya Mungu. Nilimwonyesha kila mtu lile jiwe ulilokuwa ukikalia. Kila boya lilipozama walipiga kelele, wengine wakajirusha majini kushangilia. Wiki chache baadaye wakaanza kulalamika: hapa hamna samaki, huyu dada katudanganya.

Samaki walikuwapo. Walikuwa wamejibana chini ya mizizi ya ng'ambo, hawali, hawatoki. Ndipo nilipokumbuka ulivyokuwa ukishika kandambili mkononi kabla hatujafika majini, nami nakucheka. Ulisema, "Mwanangu, huyu masikio yake huyaoni, lakini anatusikia kwa mbavu. Ukikanyaga kwa kishindo umeshamfukuza." Siku moja nilikohoa. Hukunigombeza. Tulikaa kimya mpaka jua likapanda, ndipo wa kwanza akagusa chambo.

Ningewaambia hayo tangu siku ya kwanza. Sikuwaambia. Niliona aibu kuwanyamazisha watu waliokuja kwa ajili yako.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Side, kijana wa bodaboda anayewaleta, alichoka kukosa. Akaingia na wenzake majini, wakakokota kipande cha chandarua kwenye mizizi. Wakatoa perege jike. Lilipotupwa mchangani mdomo ulifunguka, na watoto wake wakamwagika, wadogo kama punje za mpunga, na macho yao meusi. Unajua wewe kwa nini walikuwa mdomoni. Wakisikia kishindo hukimbilia humo, na mama yao huwafumbia. Na kishindo hakikuwa kimekoma tangu asubuhi.

Watu walicheka. Walipiga picha. Mimi nilipiga magoti nikawa nawazoa kwa kikombe cha chai, nikiwarudisha majini, wengi wao wameshanyooka. Kisha nikainuka nikazima spika. Side akaja juu: "Dada, si wewe uliyetuita?"

Nikarudi kwenye kikombe changu.

Mkeo, Bi Mwanahamisi, alikuwa amesimama nyuma yetu na ndoo yake. Alisikia kila kitu. Alijaza maji akaondoka. Nilipomfuata nyumbani kuomba radhi, alikuwa anamenya ndizi, hakuinua macho. Akasema, "Mjomba wako hata mimi alinikataza kufua pale. Miaka yote nimefua kule chini. Wewe umempelekea mji mzima."

Asubuhi yake tulikwenda wote wawili, mimi na mkeo, kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kikao kilikuwa kirefu. Side alisema tunamkata riziki, na sikuweza kusema ni mwongo. Mwishowe waliafikiana: hakuna spika, hakuna chandarua, na watu wakae mbali na dimbwi mpaka masika ipite. Wengine wamesikia. Wengine hupitia upande wa pili wa mto, tunausikia muziki wao tukiwa nyumbani kwako. Video nimeifuta, lakini inazunguka kwenye simu za watu nisiowajua.

Jumanne iliyopita nilikwenda bila mshipi. Viota vimejaa tope. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Perege mmoja akachungulia kutoka kwenye mizizi, akasogea kidogo. Nikainua mkono kumfukuza mbu usoni. Kufumba na kufumbua, hayupo. Samaki waliokuwa wakicheza miguuni pako, Mjomba, wanakimbia kivuli cha mkono wangu.

Sijui kama watarudi. Lakini nakuahidi hivi: kila Jumanne nitashuka, nitakaa nilipokaa, na sitatia ndoano kwenye maji yale mpaka dume mmoja achimbe kiota chake mbele yangu, ananiona na hakimbii. Ikichukua miaka, na ichukue. Na Side nitamweleza kwa upole yale niliyopaswa kumweleza siku ya kwanza, hata akinitukana.

Pumzika, Mjomba wangu. Mungu akupe huko uliko utulivu niliowanyang'anya samaki wako.

Mwanao,
Zuhura