Vidole vya Arthur

Wadi ya Watoto, Tororo
Jumatano, mchana

Dada yangu mpendwa Benedeta,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Arthur, ambaye dakika hii amelala hapa pembeni yangu huku ameshika kona ya leso yangu. Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Buteba, wewe, shemeji Emong, mama mkwe wako na Shallon mdogo, na kwamba mimba hii inakuacha ule vizuri kuliko ile ya kwanza. Je, mihogo mmeshapanda? Huku mvua inanyesha kweli, ila mimi naiona dirishani tu. Mwenyewe sijambo. Nimekonda kidogo, usishtuke utakaponiona.

Najua utashangaa kuletewa barua na simu zipo. Anayekuletea ni Atai, jirani yenu, ambaye mwanawe amelazwa kitanda kinachofuata chetu, na kesho wanaruhusiwa. Nimeandika kwa sababu kila nikikupigia, shemeji anaweka simu kwenye spika nyumba nzima isikie, na haya nataka uyapate wewe kwanza, ukiwa umekaa. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu hapo kwenu ni wewe peke yako unayekisoma. Kile cha shule tulichopata tulipokaa kwa senge Maximilla, shangazi yetu, kule Busia ya Kenya leo kimenifaa.

Habari za Arthur ulizonazo ni nusu. Nilikuambia ana vipele na kwamba tunakwenda kuonana na daktari, basi. Ilianza kwenye ncha za vidole. Nilikuwa namwogesha nikaona zimekuwa nyekundu, mikono na miguu, kama mtoto aliyekuwa anachezea rangi. Nilisugua, haikutoka. Baadaye ngozi ikaanza kuchubuka kwenye viganja, inatoka vipande vipande kama ganda la kitunguu, halafu vipele vidogo vikajaa tumboni na mgongoni. Alikuwa anajikuna mpaka anatoa damu. Jasho lilimtoka hata asubuhi ya baridi, shati linalowa kama limetoka kufuliwa.

Nilimpeleka zahanati moja kule Busia yetu, upande wa Uganda. Wakasema ni joto, nimpunguzie nguo. Nikampunguzia. Kituo cha afya walisema ni upele wa kuambukiza, wakatupa losheni sote watatu tujipake, nichemshe mashuka. Dada yule aliyenipa losheni aliniuliza mbele ya watu kama huwa namwogesha mtoto. Unanijua mimi na sabuni. Nilikwenda nikachemsha mashuka. Walimpima pia virusi, na mimi wakanipima, mara mbili, majibu yakawa mazuri. Nilifurahi, lakini vidole vilikuwa vilevile.

Nikavuka mpaka. Nilijiambia pengine upande wa Kenya watakuwa na macho mengine. Daktari niliyemkuta kwenye kliniki moja ya huko alikuwa na simu mkononi, hakumvua mtoto hata soksi. Akaniuliza kama ni mtoto wa kwanza. Nikasema ndiyo. Akacheka kwa upole, akasema, "Mama, ngozi ya mtoto hubadilika. Wewe ndiye unahitaji dawa ya wasiwasi." Nilirudi nyumbani nikiwa nimeanza kumwamini. Hilo ndilo lililoniuma baadaye kuliko maneno yenyewe.

Mume wangu Oguttu naye alisema madaktari watatu hawawezi kukosea pamoja. Mama yake alitaka tumpeleke kwa watu wa maombi, na tulikwenda, siwezi kusema hatukwenda. Wakati huo mtoto alikuwa ameacha kutembea. Arthur, Benedeta! Yule uliyemfukuza shambani kwako mpaka ukachoka. Alikuwa analala kifudifudi, makalio juu, uso ameuficha kwenye mto kwa sababu hataki mwanga. Ukimsimamisha miguu inakunjika. Alikataa uji, akakataa hata ndizi. Alilia kutwa nzima, kilio cha chini kisichokwisha, na nikimshika analia zaidi. Siku jino lake la mbele lilipotoka na kubaki kwenye kijiko, sikumwuliza mtu yeyote. Nilimfunga mgongoni nikapanda gari kuja Tororo.

Hapa hospitalini nilianzia kwa wagonjwa wa nje. Kijana aliyekuwa zamu alimtazama vidole, akaanza kuandika. Nikasoma karatasi ikiwa kichwa chini: ilikuwa losheni ileile. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nilimwambia hiyo tumepaka mpaka ikaisha na kwamba sitoki kwenye kile kiti. Akasema wagonjwa wengine wanangoja. Nikamwambia na mimi nangoja. Watu kwenye foleni walianza kunung'unika, mama mmoja akanitukana kwa Kijapadhola akidhani sielewi. Nilikaa. Mwisho kijana akaenda kumwita mkubwa wake aje anitoe.

Mkubwa wake ndiye Daktari Abbo. Ni mwanamke wa makamo, anatembea taratibu kwa sababu ya goti. Hakunitoa. Alivuta kiti kingine akasema, "Niambie tangu mwanzo, na usiruke kitu." Nikamwambia. Alimvua Arthur nguo zote, akamgeuza kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Akaagiza apimwe presha. Nesi alipima, akasema mashine imeharibika maana mtoto hawezi kuwa na presha ya mzee. Wakaleta nyingine, ikasema vilevile. Hapo nikaona uso wa daktari umebadilika.

Akaniuliza baba wa mtoto anafanya kazi gani. Nikamwambia ni wa dhahabu, yuko kwenye mashimo. Akauliza kama anatumia zebaki, yaani ile dawa ya majimaji inayong'aa kama fedha, ambayo hukusanya chembe za dhahabu kisha huchomwa iondoke. Nikasema wote wanaitumia. Akauliza, "Anachomea wapi?" Nikasema kulekule mashimoni. Nilisema hivyo kwa moyo safi, dada, kwa sababu ndivyo nilivyojua.

Akaomba nimwite Oguttu. Alikuja siku iliyofuata na matope bado yako kwenye buti. Daktari alimwuliza swali lilelile, mahali pa kuchomea. Oguttu alinitazama mimi, halafu akatazama sakafu. Akasema tangu mvua zianze anachomea jikoni kwetu, kwa sababu kule mashimoni wezi wamezidi na ukiwasha moto tu kila mtu anajua umepata. Anafanya hivyo siku ninazokwenda kuuza nguo sokoni Busia, siku ambazo mtoto hubaki naye. Anafunga mlango ili moshi usionekane na majirani.

Daktari aliuliza mtoto anakuwa wapi wakati huo. Oguttu akasema, "Ninampakata." Akasema Arthur anapenda kuangalia ile fedha inavyopotea na ile njano inavyobaki, kwamba huwa anapiga makofi.

Daktari Abbo hakumfokea. Alimweleza kwamba moshi wa zebaki hauonekani sana wala haunuki, na kwamba mtoto anauvuta kwa haraka kuliko mtu mzima kwa sababu anapumua haraka, na kwamba ugonjwa huu unajulikana vitabuni ingawa wengi hawajawahi kuuona kwa macho, ndiyo maana wanauita joto. Oguttu aliuliza kama wanaweza kumtolea Arthur damu yote na kumwekea yake. Daktari akasema haiendi hivyo. Akauliza tena, kwa maneno mengine. Nilikuwa na hasira ya kumpiga, na palepale nikamhurumia, na mpaka leo sijui ipi ni kubwa.

Mkojo wa mtoto ulipelekwa Kampala, na majibu yalirudi vilevile kama daktari alivyosema: zebaki imejaa mwilini. Dawa ya kuitoa ilitafutwa, ikachelewa, ikapatikana. Nisikufiche, kuna siku nilidhani tunampoteza. Sasa presha inashuka. Juzi alikula yai zima. Jana alisimama kwa kushika ukingo wa kitanda, akakaa chini, akasimama tena kuonyesha kwamba si bahati. Ngozi mpya inaota kwenye viganja, laini kama ya mtoto mchanga. Daktari haniahidi kila kitu; anasema tutamwangalia kwa muda mrefu, jinsi atakavyoongea na jinsi atakavyojifunza.

Jiko Oguttu amelibomoa, nyasi na udongo akavizika mbali na kisima. Ameambiwa sumu inaweza kukaa hata kwenye kuta. Mimi nimesema sirudi kwenye ile nyumba, nitatoka hapa kwenda kwa mama yake, na hakubisha. Kazi ya dhahabu hajaiacha, maana hatuna nyingine, lakini sasa anachomea porini na upepo mgongoni, na anaoga na kubadili nguo kabla ya kuja hapa. Daktari anasema hata hiyo haitoshi. Bado tunazungumza.

Sasa, dada, nakuja kwenye jambo lililonifanya nitafute karatasi.

Nilimwuliza Oguttu nani alimfundisha kuchomea ndani ya nyumba. Alikataa kusema, nikamsubiri. Akasema ni shemeji Emong. Kwamba alimkuta jikoni kwenu anachoma kwenye kikaango kidogo, mlango umefungwa, na Emong akamwambia amefanya hivyo mwaka mzima na hakuna aliyeumwa.

Benedeta, Shallon alipokuja kwetu Pasaka viganja vyake vilikuwa vinachubuka. Mimi ndiye niliyemnawisha mikono. Tukasema, mimi na wewe, ni sabuni mpya ya kufulia. Na ulilalamika kwamba amekuwa mtoto wa kulialia, anataka kubebwa tu, na mama mkwe wako akasema anaona wivu kwa sababu ya mimba. Nimelala na picha ile ya mikono yake. Sina uhakika. Naomba sana niwe nimekosea na uje unicheke. Lakini nimemweleza Daktari Abbo, na akasema nisingoje, umlete, na wewe mwenyewe upimwe, kwa sababu kitu hiki kinamfikia hata mtoto aliye tumboni.

Usianze kwa kugombana na Emong. Hajui, kama Oguttu alivyokuwa hajui, na mtu akishtakiwa hasikii. Mwambie Arthur amezidiwa na mimi nimekuita. Huo si uongo mkubwa. Oguttu anajua nakuandikia. Amesema atakuja Buteba Jumapili baada ya misa, akae na Emong wawili tu, amweleze kwa mdomo wake. Ametaka kwenda mwenyewe, sikumtuma. Lakini wewe usiingoje Jumapili. Toka na Atai akisharudi kwake na kupumzika, yeye ameniahidi kukusindikiza mpaka barabarani. Njoo na Shallon, na hata ukikuta leo vidole vyake viko safi, njoo vilevile. Na kuanzia utakapomaliza kusoma hapa, mtoto asiingie tena jikoni kwenu, wala wewe. Pikia nje, useme mimba haitaki moshi.

Nisalimie mama mkwe wako na majirani wote wanaoniuliza. Mwambie senge Maximilla, ukimpata kwenye simu, kwamba mjukuu wake amesimama. Arthur ameamka sasa na anataka kalamu, kwa hiyo naacha. Tuko wadi ya watoto, kitanda cha karibu na mlango wa nyuma. Nitakuwa naangalia mlango huo kuanzia kesho.

Mdogo wako akupendaye,
Barbara