Vyura Sita

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni magoti tu yanalalamika, nayo tumeshazoeana. Wewe je? Huko maabara wanakupa nafasi ya kula?

Nakuandikia habari za Bi Mkubwa. Wiki nzima sasa anapumua mdomo wazi, povu linamtoka, kifua kinalia kama filimbi iliyoingia maji. Miaka kumi na tisa nimemtunza kenge huyu, sijamwona hivi. Wageni wa bustani ya wanyama wanapita kizimbani wanacheka, eti kenge ana mafua. Nusura nimwite mmoja wao kenge, nikaona namtukana mgonjwa wangu.

Chakula hataki, hata vyura. Wale sita uliomletea ulipokuja likizo aliwapenda mno, hadi nikawa namkamatia wengine mtaroni nyuma ya jiko. Nimempangusa povu kwa pamba, limo kwenye kichupa hiki. Litazame kwa hadubini yako.

Ni mimi,
Baba yako


19 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo. Pole na magoti, pole zaidi na mgonjwa.

Nimelitazama povu. Lina mabuu, Baba, wengi, wanajinyonganyonga. Bi Mkubwa ana minyoo ya mapafu. Inakaa humo humo kifuani, inafyonza damu, inazaana. Mabuu wake hujificha ndani ya miili ya vyura, na kenge akimmeza chura, amewameza na wao. Wewe hawakupati, usiogope.

Natuma dawa, kipimo nimekiandika kwenye karatasi. Wenzake wahamishe, udongo wa kizimba uchomwe. Vyura wa mtaroni acha kabisa kumpa. Nitumie wawili niwapasue. Na akifa, samahani Baba, nahitaji mapafu yake.

Binti yako


8 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi nipo.

Bi Mkubwa amekufa Jumanne asubuhi, kichwa kwenye kiganja changu. Dawa alikunywa siku tatu tu. Nilimpasua mwenyewe kama ulivyoniomba. Niliiona minyoo, mama, kama nyuzi nyeusi zilizoloa, imejaa hadi pafu halina pa kupitisha hewa. Mapafu yamo kwenye chupa kubwa, vyura wawili kwenye ile ndogo.

Tajiri wa bustani aliniuliza, “Nani kamlisha vyura?” Nikasema mimi. Akasema, “Mzee, umeniulia mnyama kwa mkono wako.” Ni kweli. Nimerudisha funguo.

Usingizi sipati. Najiuliza mtu mzima mwenye akili anaokotaje chakula mtaroni.

Baba


2 Septemba

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui hali yako, na kosa ni langu. Miezi mitano nimeanza barua hii nikaichana.

Vyura wako wawili niliwapasua siku ile ile walipofika. Walikuwa wasafi, Baba. Hata buu mmoja hawakuwa naye.

Waliokuwa na minyoo ni wale sita wangu. Walitoka kwenye tangi la maabara, tuliwaambukiza wenyewe ili tuwachunguze. Kazi ilipokwisha niliambiwa niwachome. Niliona hasara, nikajua utafurahi kumwona Bi Mkubwa akirukia chakula, na ulifurahi kweli, ulipiga makofi. Nilijiambia minyoo ya chura haitamdhuru mnyama mkubwa vile. Mimi niliyesomea kazi hii!

Nilipoona mabuu kwenye povu nilijua palepale. Nikakuandikia habari za mtaro. Uliponiambia umeachishwa kazi nilishika kalamu, nikaogopa na yangu itakwenda. Ukweli ndio huo, sina la kuupamba.

Niruhusu nije nimwambie tajiri mwenyewe.

Mwanao


20 Septemba

Mwanangu,

Barua imefika. Nimeisoma mara mbili, ya tatu nikashindwa.

Siku hizi nalinda lango la ghala la mbao. Wenzangu wakiuliza nilifanya kazi gani zamani, nasema nilitunza wanyama nikafukuzwa kwa uzembe. Nimelisema hilo tangu Aprili, nami nikaliamini.

Vyura hawaniumi. Ulitaka kunifurahisha, najua, nami nilipiga makofi. Kinachoniuma ni kwamba ulikuwa na chupa ile mezani, umeona wangu ni wasafi, nami huku naamka kila siku najiita muuaji. Neno moja tu ungeniandikia. Tungelia wote wawili.

Kwa tajiri usiende. Kazi yangu imekwenda, na yako isiifuate. Na huku usije kwanza. Nitakuita mwenyewe.

Shikamoo yako nimeiona. Marahaba inanikwama kooni, mama. Ngoja ishuke.

Baba yako