Kichocho Kilichonifuata Uholanzi

Dada Ester mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko Ukata milimani? Shemeji Kosmas hajambo, na mama mkwe wako? Kahawa imechanua? Na tumbo lako je, bado linakukata? Mimi ni mzima, na safari hii nikisema mzima nina ushahidi, kama utakavyosoma.

Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako inapita mikononi mwa watu wengi, na haya ni ya kwako kwanza. Padri mmoja wa Mbinga aliyekuwa masomoni huku anarudi nyumbani, yeye ndiye atakayekukabidhi.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu ya maabara ni kufanya nini hasa, nikakujibu, "Tunapima damu," tukacheka. Sasa nikueleze vizuri. Tunatengeneza kipande cha plastiki angavu, kidogo kuliko kiberiti. Ndani yake kuna vijia vyembamba kuliko unywele. Ukidondosha tone moja la damu mwanzoni mwa kijia, damu inajivuta yenyewe. Hakuna pampu wala umeme wa kuisukuma. Huko mbele kumepakwa chembe zinazokamata kitu kimoja tu, vingine vyote vinaachwa vipite. Kikinaswa, mashine ya kusomea inaonyesha mwanga mdogo wa kijani. Siku ya kwanza kuuona nilisahau kupumua.

Tunachotafuta ni kichocho. Kumbe wale minyoo wanakaa ndani ya mishipa, dume na jike wamekumbatiana miaka na miaka, wanakula damu na kutapika mabaki humohumo. Ukipima mkojo, mayai yanaweza yasionekane siku hiyo. Lakini mnyoo akiwa hai lazima atapike, na hayo matapishi, machache mno, ndiyo yanayonaswa na kile kipande.

Sasa sikia. Mkuu wetu, mama mmoja anayeitwa Hanneke, alitaka damu safi ya kulinganishia. Tukajichoma vidole sote tuliokuwepo. Za wenzangu zikapita, giza tupu. Yangu ikawaka.

"Hiki kipande kibovu," nikasema.

Tukabadilisha. Ikawaka. Hanneke akafungua boksi jipya, akadondosha damu kwa mkono wake mwenyewe. Ikawaka vilevile. Akavua miwani.

"Edna, umekulia wapi?"

"Liuli, kando ya Ziwa Nyasa."

"Mlikuwa mnaoga ziwani?"

Nikacheka. "Tungeoga wapi kwingine?"

Yeye hakucheka. Ndipo nikaelewa, nikatafuta kiti.

Dada, mimi nilipekuliwa uwanja wa ndege mpaka nikanyang'anywa chupa ya mafuta ya nazi, kumbe nimebeba minyoo ya ziwa letu damuni na hakuna aliyeiona. Wala sikuwa naumwa popote. Niliogopa, sikatai, lakini mshangao ulizidi hofu. Ilikuwa kama zile radi za masika, unapokuwa ufukweni gizani, mara inamulika ng'ambo ya Malawi na unaona milima yote ambayo dakika hiyohiyo ungeapa haipo. Tone moja tu la damu!

Nikapewa vidonge, vilevile vichungu tulivyomezeshwa shuleni baada ya kupimwa urefu kwa fimbo ili ijulikane tumeze vingapi. Tulimeza, na jioni tukarudi majini. Safari hii nilipata kizunguzungu kidogo, basi. Baada ya wiki kadhaa tukapima tena. Tukaitazama damu ikijivuta, ikapinda kona, ikafika. Giza. Hanneke akanishika bega, nami nikalia mbele ya watu wenye makoti meupe.

Daktari aliyenipa dawa ndiye aliyeniuliza kama nina ndugu wa kike waliokulia ziwani, na kama wana maumivu yoyote. Nikaikumbuka siku ile ulipojificha shambani kwenye ngoro, yale mashimo ya kilimo cha mlimani, ili unipigie simu. Ulisema, "Mdogo wangu, Kosmas akinikaribia tu natokwa damu. Wamenipa dawa za magonjwa ya zinaa mpaka nimechoka. Sasa hanisemeshi. Mama yake anangoja mjukuu, anasema nilikuja na ugonjwa wangu kutoka ziwani."

Nilimweleza daktari bila kutaja jina lako. Akasema mayai ya kichocho hukwama hata kwenye njia ya uzazi ya mwanamke, yakaleta vidonda, maumivu na damu. Hufanana sana na magonjwa ya zinaa, na wanawake wengi hutibiwa ugonjwa wasiokuwa nao. Huko milimani kwenye kahawa, nani angewaza kichocho? Dada, mama mkwe wako hakukosea. Ila si kwa maana aliyoidhani.

Sisemi kwa hakika ndicho ulichonacho, maana damu yako sijaipima. Vipande vyetu bado vinajaribiwa na huko havijafika. Lakini shuka Liuli, nenda hospitali, umwambie daktari waziwazi: "Nimekulia ziwani, naomba niangaliwe kichocho cha njia ya uzazi." Dawa ipo. Kuhusu mtoto, mimi sikuahidi kitu, kwa sababu hata daktari hakuniahidi. Alisema wengine hupata, na makovu mengine hubaki. Usichelewe tu. Na Kosmas muende wote, asikie kwa masikio yake.

Nisalimie mama ukifika, mwambie nakula vizuri ingawa ugali wa huku ni wa kubahatisha. Baba mdogo anayevua dagaa wa usipa kule Lundo mwambie watoto wake wamezeshwe dawa, na asiseme wana afya; hata mimi nilikuwa na afya. Mama mkwe wako mpe shikamoo yangu kwa heshima zote.

Na wakikikuta, shemeji akakuuliza ulikipata kwa nani, usiinamishe kichwa. Mwambie ulikipata ukiwa msichana wa shule ya msingi, umesimama ziwani maji yamekufika magotini, unafua nepi zangu kwa sababu mama alikuwa kitandani mgonjwa na hapakuwa na mtu mwingine wa kunilea.

Mdogo wako akupendaye,
Edna