Njia ya Ndama

Jumanne, 1 Julai

Uji. Dawa ya presha. Mbuzi wawili wamevuka kwa jirani, nimewatukana, wamerudi. Siku ya kawaida mpaka saa nne, alipoingia Gati, mjukuu wa dada Bhoke, na begi la kamera. Shikamoo yake ilikuwa ndefu, yenye shida ndani. Nikamwambia sema unachotaka, mimi mzee, naweza kufa katikati ya salamu.

Anataka minyaa yangu. Ule uzio wa baba hapa Nyarero, mizunguko mitatu kulizunguka boma, na vichochoro ambavyo vingine haviendi popote. Baba aliupanda hivyo ili mwizi wa ng'ombe akiingia asijue pa kutokea. Gati anasema kitaalamu huo ni mzingile, na huko duniani watu wanaichora, wanaipigia filamu. Kwetu ulikuwa uzio tu.

Filamu yake inamhusu Chacha. Kaka yangu.

Nimekubali kabla sijafikiri. Mjinga mimi.

Alhamisi, 3 Julai

Gati ameleta kompyuta anionyeshe mizingile ya wenzetu. Mmoja umechorwa kwenye sakafu ya kanisa, waumini wanaufuata kwa magoti. Hao hawana goti kama langu. Kisha filamu: bwana mmoja wa suti amepotea katikati ya miti iliyokatwa sawasawa, analia. Nikauliza, hana panga? "Babu, akikata, filamu inaisha." Kumbe.

Jambo moja sikulicheka. Kila filamu, kamera inapanda juu. Sisi tunaona njia yote. Tunaona anashika kona mbaya. Yeye haoni. Sisi tumekaa tu, tunatazama.

Nimemwambia azime. Nimesingizia macho.

Ijumaa, 4 Julai

Atakayekuwa Chacha ni Mwalimu Komba, mtu wa Songea, serikali imemleta kwenye shule yetu. Anakimbia kama mtu aliyesikia basi la Mwanza linaondoka. Nimemwambia hivyo hivyo. Akasema, "Nisamehe mzee Marwa, mimi nilisomea hesabu, sikusomea kufa." Nimempenda.

Dada Bhoke naye kaletwa kwa bodaboda, asimulie mbele ya kamera habari ya kifo cha Chacha. Miaka yote anaisimulia, hakosei neno. Wezi waliingia alfajiri. Chacha angeweza kutoka kwa njia ya ndama, upenyo mdogo upande wa kijito, ulikuwa wazi. Hakutoka. Aligeuka akawakabili. Majeraha yote kifuani, hata moja mgongoni hakuna. Baada ya msiba baba akaupanda minyaa ule upenyo, ukafungika, asipite tena mtu mahali ambapo mwanawe alikataa kupita.

Alilia kidogo. Akanishika mkono. "Muulizeni Marwa. Alikuwepo."

Nikasema nilikuwa mdogo.

Nilikuwa mdogo. Hilo ni kweli.

Jumapili, 6 Julai

Sikwenda kanisani. Mchungaji atafurahi, nisipokuwepo watu wanamsikiliza.

Mchana kweupe nimemfuata mbuzi kichochoroni. Uzio nilioupita tangu natambaa. Nimepotea. Mara tatu nimetokea palepale, baba alipofunga. Mara ya tatu nikasikia mtu anakimbia upande wa pili wa minyaa. Miguu peku. Ikafika, ikasimama. Pumzi. Sikuota, hata mbuzi alisimamisha masikio.

Nilisubiri aendelee kukimbia. Hakuendelea.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Jumatatu, 7 Julai

Wacha niandike yote. Daftari halina mdomo.

Njia ya ndama haikuwa wazi.

Kila jioni baba aliziba vichochoro kwa matawi makubwa ya miba. Kwenye upenyo wa ndama aliweka kitawi tu, cha kusukuma kwa mguu. Jioni ya kuamkia siku ile nikavuta tawi kubwa la kichochoro cha kushoto, kando yake, nikalishindilia kwenye upenyo. Utani. Chacha ndiye aliyekuwa akiwatoa ndama alfajiri, nusu anasinzia. Nilitaka achomwe, aruke, atukane. Alfajiri nikawahi kupanda juu ya kihenge cha mahindi ili nione vizuri.

Wakaja wezi.

Kutoka juu ya mahindi ya mama niliona kila kitu. Nilimwona Chacha anakimbia kwenda kuita majirani. Nilimwona anashika kona ya upenyo. Kichochoro cha kushoto kilikuwa wazi kabisa, nilikuwa nimekiacha wazi mimi mwenyewe. Neno moja tu. Mdomo ulifunguka, halikutoka neno. Akafika kwenye miba. Akaivuta kwa mikono. Akaita jina langu, maana alijua utani ule ni wa nani. Ndipo akageuka.

Majeraha kifuani, kwa sababu mgongoni kulikuwa na miba.

Watu walipokuwa wanawakimbiza wezi, nilishuka nikalirudisha tawi mahali pake. Ili kulifikia nilimruka kaka yangu.

Watu wanadhani nilizaliwa na utani huu. Wanasema Marwa hawezi kukaa kimya. Nilikaa kimya mara moja.

Jumatano, 9 Julai

Leo wamepiga sehemu ya kufa.

Gati alikuja na kindege chenye kamera, kinalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye debe. Akanikalisha kivulini mbele ya kioo chake cha kuonyeshea picha. "Babu, wewe ndiye unajua. Nitazamie kama iko sawa." Dada Bhoke kwenye kiti cha plastiki pembeni yangu.

Kindege kikapanda, kioo kikajaa. Minyaa yote, mizunguko yote. Kihenge kilishaoza siku nyingi, lakini nilikuwa juu yake. Mwalimu Komba akatokea, peku, shuka begani. Akashika kona.

"Chacha! Siyo huko! Rudi! Kushoto!"

Sauti yangu. Sijui ilikuwa imekaa wapi. Mwalimu akasimama. Akarudi. Akapita kushoto, akatokea kwenye mihogo mzima, anahema, anauliza amekosea nini.

Wote wakacheka. "Mzee kaanza!" Gati hakucheka. Bhoke hakucheka.

Walipokwenda kula, nilimwambia. Tawi, kihenge, yote.

"Utani mbaya huo, Marwa."

"Siyo utani, dada."

Alinitazama mpaka nikatazama chini. Kisha swali moja.

"Alikuita?"

"Aliniita."

Akaagiza bodaboda. Hakuniaga.

Ijumaa, 11 Julai

Uji. Dawa. Simu ya Bhoke inaita tu. Mara nne.

Gati amekuja, kamera hakuitoa kwenye begi. Bibi yake hasemi na mtu, lakini yeye amejua, hakuhitaji kuambiwa. Sauti yangu ilinaswa pamoja na ile picha. Anauliza aifute au aiache. Nimesema iache.

"Lakini babu, sasa shujaa hayupo."

"Kaka yangu yupo."

Aliondoka amekumbatia begi.

Mchana nimechukua panga nikaenda kwenye upenyo. Minyaa ya baba imekuwa minene kama paja. Nimekata mpaka nikaona kijito. Utomvu umeruka ukaniingia jicho la kushoto. Unachoma kama pilipili. Haki yake.

Nilisikiliza. Hakuna miguu. Sijui kama hiyo ni habari njema.

Jumapili, 13 Julai

Dada amekuja. Kwa miguu, na fimbo, umbali wote ule. Nikampa shikamoo. Hakuitikia.

Akaingia kwenye minyaa mbele yangu. Fimbo inagusa kushoto, inagusa kulia. Hakukosea kona hata moja. Kwenye upenyo akasimama. Akaweka kiganja ardhini, akakaa nacho pale muda mrefu. Mimi nilisimama nyuma, sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Kisha akainama, akapita. Nikamfuata. Ndama wawili wazee.

Upande wa pili jua. Ng'ombe wa watu wanakunywa maji. Tukakaa kwenye jiwe.

"Jicho limevimba."

Akachovya pindo la khanga kijitoni, akanifuta. Kwa nguvu, kama anasugua sufuria. Iliuma.

Nilitafuta la kumchekesha. Sikulipata. Nikamwachia jicho.