Vyungu Chini ya Jukwaa

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Ukumbi wetu umefunguliwa tena, na siri yako nimeitoa. Usikasirike kwanza, soma mpaka mwisho.

Unakumbuka ulipokuwa unatengeneza jukwaa lake? Nilikuwa darasa la pili, nimekalia keria ya baiskeli yako, nimekumbatia chungu kitupu tulichonunua kwa bibi mmoja mfinyanzi, njia ya Mwazye. Kila penye mlima ulishuka ukasukuma, nami nikabaki juu kama bibi harusi. Vyungu vinane tulivileta hivyo, kimoja kimoja. Cha tisa ulikuja nacho mwenyewe asubuhi moja. Ukavipanga chini ya jukwaa, midomo juu, kisha ukapigilia mbao. "Kanyaga," ukaniambia. Nikakanyaga, sakafu ikaitika kwa sauti nzito, nikashtuka, halafu nikacheka. Ulitaka miguu ya wachezaji isikike hadi benchi la nyuma, basi. Ila ulininyooshea kidole: "Usimwambie mtu. Kwa mji huu, nitaitwa mchawi bure."

Nikanyamaza. Ngoma, kwaya, maigizo ya shule, vyote vilipita pale juu, na watu wakausifu ukumbi bila kujua sababu. Baadaye ukageuzwa ghala la mahindi, bati zikatoboka, popo wakahamia. Ulipofariki, mji ulikukumbuka kwa majeneza na madawati tu. Iliniuma, nakuambia ukweli.

Ukarabati ulipoanza, nikaingia kwenye kamati. Siku mafundi wawili walipong'oa mbao za jukwaa, nilisikia nyundo zinaanguka, nikawaona wanatoka mbio, mmoja na kiatu kimoja. Kufika saa sita mchana, soko zima linasema ukumbi umezindikwa. Mwenyekiti wetu, mtu mzima na akili zake, akaamuru jukwaa livunjwe na kuchomwa moto pamoja na "hayo madude".

"Hivi aliyejenga hapa ni nani?" akauliza.

Nikilitaja jina lako, utaitwa mchawi kaburini. Nikinyamaza, kazi yako inakuwa majivu.

Nikalitaja. Nikaeleza kila kitu, na baiskeli yenyewe. "Sasa mwalimu," akasema mwenyekiti, "wewe ni mtoto wake. Utasema nini kingine?"

Nikapiga simu nyumbani, bodaboda ikamleta Mama. Akaegemea fimbo, akainama kwenye lile shimo, akavikagua vyungu kimoja kimoja. Mafundi walikuwa wamesimama mlangoni, tayari kukimbia tena.

"Hicho chenye mkwaruzo shingoni ni changu!" akapiga kelele. "Chungu changu cha togwa! Nimegombana na wifi yangu miaka yote hii, kumbe mwizi nilikuwa nalala naye kitanda kimoja!"

Baba! Yaani dada yako kabeba lawama zako mpaka uzeeni, na wewe ukiwakalisha kuwapatanisha! Mwenyekiti alicheka mpaka akakaa chini kwenye tofali. Uchawi wote ukaishia hapo, maana nani ataogopa chungu cha togwa kilichoibwa jikoni? Mafundi wakarudi, mmoja akitafuta kiatu chake. Mbao mpya zikapigiliwa juu ya vyungu vyote tisa, maana Mama alikataa kuchukua chake. Siku ya pili yake akaenda kwa shangazi na kuku mkononi, kuomba radhi kwa niaba yako.

Jumamosi tumefungua. Akina mama wa ngoma walipanda jukwaani bila viatu, na mguu wa kwanza ulipotua, ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Nimefurahi, Baba, nimefurahi mpaka nikaona aibu, kamasi na machozi mbele ya wanafunzi wangu.

Kisha mwenyekiti, yuleyule aliyetaka kuwasha moto, akashika kipaza sauti akalitaja jina lako lote, la ubatizo na la ukoo. "Huyu ndiye fundi wa ukumbi huu," akasema. Watu wakasimama kushangilia.

Mama peke yake hakusimama, alishuka sakafuni. Akapiga goti polepole, akakutanisha viganja, akapiga makofi ya taratibu, yale ambayo kwetu tunawaamkia nayo wakubwa. Nikafikiri amezidiwa, nikamshika mkono nimwinue.

"Hebu niache," akasema. "Namsalimia mume wangu."

Pumzika, Baba. Jina lako lipo salama.

Mwanao wa mwisho